Keziah na Nyumba Iliyovuja Joto

Mimi ni mtu wa Voi, na mtu wa Voi hana undugu na baridi. Kwetu ukimwona mtu amejifunika blanketi mchana, unamkimbiza hospitali akapimwe malaria. Ndiyo maana asubuhi moja ya Desemba, nilipotoka kuwasha gari hapa Riyadh na kukuta vioo vimeganda weupe, nilimpigia simu Bonface, rafiki yangu anayelinda ghala kule Batha, nikamuuliza kama hili ndilo lile jangwa tuliloahidiwa na ajenti. Alicheka mpaka salio langu likaisha.

Nasema haya mapema ili ieleweke kwamba sikuja hapa kujisifu. Hadithi hii ni ya Keziah. Mahali ninapoingia mimi, naingia kwa mlango wa nyuma, kichwa nimekiinamisha.

Keziah ana binti mmoja, Stacy, na Wakenya wote tunaomjua humwita Mama Stacy. Kwao ni Njabini, Kinangop, huko ambako sakitu huanguka usiku mmoja na asubuhi shamba zima la viazi limekuwa jeusi kama lililopitiwa na moto. Ni mfupi, mpana wa mabega, na hutembea haraka kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Hatupi kitu. Gunia la mchele likiisha, analifua na kulikunja. Shuka likichanika, anasubiri lichanike vizuri zaidi apate matambara. Akipiga pasi huimba nyimbo za kwao kwa Kikikuyu, chini chini, hata Sitti amezizoea, na siku hizi huzivumisha puani akichambua mchele bila kujua ni za kwaya.

Sitti ndivyo watu wa Jeddah wanavyomwita nyanya. Huyu wetu ni mama mzazi wa Baba Talal, mwenye nyumba. Amepita miaka themanini, na kifua chake hakimpi amani. Alizaliwa Ruwais, mtaa wa Jeddah ulio karibu na bahari, na Ruwais ndiko Keziah alikomkuta na kumhudumia miaka minane. Mimi nilikuwa dereva wa nyumba hiyo hiyo, nikimpeleka Madam Abir, mke wa Baba Talal, shuleni anakofundisha. Kule Jeddah majira ya baridi ni ile miezi ambayo unazima feni. Hakuna zaidi.

Kisha Baba Talal akahamishwa kikazi. Nyumba nzima ikapakiwa, Sitti na mito yake, tukaja kupanga sehemu ya chini ya jumba la zamani hapa Riyadh. Jumba lenyewe lilijengwa na mtu aliyekuwa anapigana na jua: sakafu ya marumaru, dari ndefu, ngazi pana, milango yenye upenyo chini ambao paka angepita akiamua. Mwezi wa saba ni raha. Mwezi wa kumi na mbili unaishi ndani ya friji.

Watu wa Jeddah hawajui baridi, na asiyejua baridi hupigana nayo kwa fujo. Baba Talal alinunua hita sita. Moja kila chumba na moja kwenye ngazi, ambako hakai mtu. Milango yote ikaachwa wazi, kwa sababu ndivyo walivyozoea Ruwais: Sitti anataka asikie nyumba yake inavyopumua, nani ameingia na nani anagombana jikoni. Na kila alasiri Madam Abir alichoma udi, kisha akafungua madirisha ili moshi usitulie. Hita zinawaka, madirisha yako wazi. Mimi nilikuwa naona na sikusema, maana nani amemuuliza dereva?

Kisha bili ya umeme ikaingia kwenye simu ya Baba. Nilikuwa nampeleka kazini. Aliitazama taa tatu nzima za barabarani.

"Japheth," akasema, "mimi napasha joto Riyadh yote."

Watu wa nyumbani hudhani kila Msaudi ana kisima cha mafuta nyuma ya choo. Baba Talal ni karani. Ana mkopo, ana karo, ana kodi, kama baba yeyote wa Voi. Na bili haikuwa tatizo lake peke yake. Hita zikiwaka zote, umeme ulikatika wenyewe, na kila ulipokatika alfajiri Sitti aliamka akikohoa mpaka machozi. Daktari alishasema kifua kile kinataka joto la kadiri lisilopanda na kushuka. Baba akaamua: mwezi mmoja zaidi, na kama hali ni hii hii, Sitti atarudi Jeddah kwa binti yake, anayeishi ghorofa ya sita. Huyo binti ana wasaidizi wawili tayari. Kwa hiyo Keziah, ambaye ikama yake, kile kibali cha kuishi na kufanya kazi huku, ilikuwa inaisha mwezi wa tatu, angerudi Kenya.

Keziah alinipa habari hizo mlangoni mwa jikoni, anamenya vitunguu, macho yamelowa, na usidhani ni vitunguu.

"Sitti ameniambia huko kwa binti yake kila mtu hutoka asubuhi," akasema. "Ati atakufa akiwa ameshiba na hana mtu wa kugombana naye."

"Si wewe utaenda home? Stacy atafurahi."

Akaweka kisu chini. "Japheth, mamangu alikufa nikiwa Jeddah. Nilimwona kwa simu akiwa kwa jeneza. Huyu mimi sitaki kuletewa habari zake kwa simu. Stacy ni mkubwa, yuko college, ananielewa."

Jioni ile ile, Baba Talal akiwa anakunywa chai, Keziah aliingia na sinia, akasimama. Anajua Kiarabu cha Ruwais kuliko mimi.

"Baba, nipe huo mwezi. Lakini uniachie nyumba."

"Uifanye nini?"

"Nyumba hii haina upungufu wa hita. Inavuja."

Baba alitazama dari, akitafuta maji.

Kesho yake nilishuhudia kitu ambacho sijawahi kuona. Madam alipomaliza kufukiza udi, Keziah alikichukua kile chetezo, makaa bado mekundu, akaanza kutembea nacho pole pole kando ya kuta. Alipofika penye dirisha akasimama. Moshi uliokuwa unapanda wima ukalala upande, ukaingia chumbani kama umesukumwa. Akachora alama ya chaki. Akaenda mlangoni, akakiweka chetezo sakafuni. Moshi ukakimbia. Chaki. Akaenda kwenye AC za dirishani, zile kuukuu ambazo hakuna aliyezigusa tangu Oktoba. Moshi ukatawanyika wote. Chaki tatu.

"Unamtoa nani pepo?" nikamuuliza.

"Acha kunicheka. Mamangu alikuwa anafanya hivi na kijinga cha moto. Nyumba zetu ni za mbao. Ukiona moshi unalala, hapo ndipo unabandika gazeti. Hata mtoto wa class two kwetu anajua."

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Msemo huo kila Mkenya ameuandika kwenye insha na kupewa alama. Keziah ndiye mtu wa kwanza niliyemwona akiufuata kwa sindano na unga wa ngano.

Alishona matambara yakawa marefu kama nyoka, akayajaza mchanga na vipande vya nguo, akalaza moja chini ya kila mlango. Mapazia ya upande wa jua aliyafungua saa tatu asubuhi na kuyafunga alasiri, kabla jua halijaondoka na vyake. Magodoro na mablanketi ya Sitti aliyapandisha juu ya paa kila adhuhuri, yakashuka yananuka jua. Hita za maji za bafu mbili zisizotumika, zilizokuwa zikichemka mchana kutwa bila sababu, alizizima. Jioni aliwakusanya wote, Baba, Madam, watoto na Sitti, kwenye chumba kimoja chenye zulia, mlango umefungwa, hita moja. Sitti alilalamika siku mbili kwamba hasikii nyumba. Siku ya tatu akagundua kwamba watu wote anaotaka kuwasikia wako mbele yake, akanyamaza.

Zikabaki nyufa za madirisha, zile AC kuukuu, na upenyo wa mlango mkubwa wa mbele, ambao uliwashinda wale nyoka wa matambara. "Nahitaji magazeti," Keziah akaniambia. "Mengi."

Sasa ndipo ninapoingia mimi.

Stoo kulikuwa na mafungu ya magazeti ya Kiarabu, mwenye jumba aliyaacha. Nilikuwa na haraka, mechi ilikuwa inaanza kwenye simu. Nikambebea mafungu mawili, nikamwekea jikoni, nikaenda zangu. Kumbuka, nina miaka kumi na moja katika nchi hii. Kule Ruwais, kwenye ukuta wa msikiti tuliopita kila siku, palikuwa na sanduku la bati la kutilia karatasi zenye jina la Mungu, zisije zikakanyagwa au kutupwa jaani. Niliwahi kumwona Baba Talal akisimamisha gari kwa ajili ya kipande cha karatasi kilichokuwa barabarani, akishuka, akikiokota, akikitia humo. Nililijua jambo hilo kama ninavyojua jina langu. Keziah je? Hasomi Kiarabu, na kwao gazeti ni la kufungia nyama na kuzibia mbao.

Alichemsha uji mzito wa unga, akapaka, akabandika. Kwa mlango wa mbele alikunja magazeti mara nne, akayasukuma chini kwenye kizingiti.

Ilikuwa Alhamisi. Siku hiyo nyumba ilitulia, ikawa na joto la kweli, la kukaa. Baba Talal alikuwa Jeddah kikazi na angerudi Jumatatu.

Ijumaa asubuhi nilitumwa mkate. Niliporudi nilimkuta Sitti amesimama kwenye mlango wa mbele na mkongojo wake, anatazama chini. Kisha akaanza kuinama. Kuinama kwa Sitti ni safari. Alishika ukuta, akashika mkongojo, akafika, akavuta lile gazeti kutoka kizingitini, akalifuta kwa mtandio wake wa kichwani, akalibusu, akaliweka juu ya rafu. Ulikuwa ukurasa wa matangazo ya vifo, na juu yake aya ya Kurani kwa maandishi makubwa. Sote tulikuwa tumepita juu yake na viatu.

Madam Abir alitoka mbio. Alipoona ni nini, uso ukambadilika.

"Nani ameweka hii hapa? Nani?"

"Mimi, Madam," Keziah akasema. Hakujua kosa ni lipi, lakini alijua kazi ni ya mikono yake.

Maneno yaliyofuata sitayaandika. Madam si mtu mbaya, ila alikuwa ameguswa penye moyo, naye alipiga kelele mpaka watoto wakaamka. Keziah alipoelewa, alishika kichwa. Aliniangalia mara moja. Mimi nilikuwa nimesimama na mkate wa moto kifuani. Nilijua nafasi yangu ya kusema ni ile pale. Nikanyamaza. Nilijiambia mdomo uliponza kichwa, na kwamba ikama yangu nayo ni karatasi, yaweza kuchanwa. Madam akampigia Baba simu, na kabla chai haijapoa ilishaamuliwa: halas, imekwisha, Baba atarudi na tiketi mbili, ya Sitti kwenda Jeddah na ya Keziah kwenda Nairobi.

Mchana nilikwenda Batha, kama Ijumaa zote. Nilikula na Bonface kwa mama mmoja Mkenya anayepika chapati ndani ya nyumba yake. Nilimweleza Bonface yote, nikitegemea aniambie nimefanya vizuri. Alitafuna kwanza.

"Sasa hiyo ni kazi ya mwanamke kukubebea mzigo?" akasema. Kisha akaniomba nimpitishie pilipili.

Nilirudi nikiwa nimeamua kumkasirikia Bonface na kuendelea kunyamaza. Chumba changu kiko getini, cha matofali matupu na mlango wa bati, na tangu Desemba nilikuwa nalala na jaketi. Niliingia, nikavua viatu, nikavua jaketi, na ndipo nikashangaa kwa nini nimevua jaketi. Chumba hakikuwa kinauma. Nikatazama. Kando ya fremu ya mlango palikuwa pamezibwa kwa maboksi na unga. Na chini ya mlango palilazwa nyoka wa kitambaa, mnene, ameshonwa kwa uzi mara mbili. Kitambaa chake kilikuwa na maua ya zambarau.

Blanketi hilo nalijua. Lilikuwa la Keziah mwenyewe. Sitti alimnunulia Jeddah. Nilipochunguza niliona uji wa unga umekauka na kuanza kupasuka. Alikuwa ameziba siku nyingi, labda ndipo alipojaribia kwanza, na mimi, naingia gizani natoka gizani, nikaendelea kulala na jaketi langu kwa mazoea tu. Alikuwa ameniziba mimi kabla hajaziba mtu mwingine. Nilikaa kitandani nikalia, na sioni aibu kuliandika hilo. Aibu ni ile nyingine.

Jumamosi asubuhi nilisimama mlangoni mwa jikoni, nikaomba kusema na Sitti. Alikuja na mkongojo, Madam nyuma yake. Keziah alikuwa anaosha vyombo, hakugeuka.

"Sitti, magazeti nilimpa mimi. Mama Stacy hajui kuyasoma. Mimi sanduku la Ruwais nalijua. Na jana nilisimama hapa na mkate, nikanyamaza."

"Kwa nini ulinyamaza?"

"Niliogopea ikama yangu."

"Na yeye," Sitti akasema, "hana ikama?"

Hakuningoja nijibu. Akakaa kwenye kiti, akaagiza kioo chake cha kukuzia maandishi.

"Asiyejua husamehewa. Lakini karatasi hazitajibandua zenyewe. Yalla, wote wawili."

Tukabandua. Dirisha baada ya dirisha, AC baada ya AC, Keziah na maji ya vuguvugu, mimi na ngazi. Kila ukurasa ulipelekwa kwa Sitti, akaupitia kwa kioo. Wenye jina la Mungu kwenye mfuko safi, upelekwe msikitini. Usio nalo, urudi dirishani. Ila gazeti la nchi hii halikosi Abdallah, halikosi Abdulrahman, na ndani ya majina yao limo jina la Mungu. Wanunua viwanja ni akina Abdallah, waliofuzu ni akina Abdulrahman, hata golikipa. Mfuko ulijaa. Njiani Sitti alikuta habari za miaka sita iliyopita, akazisoma kwa sauti kama za leo, akabishana nazo. Mpaka adhuhuri, katika mafungu mawili, kurasa zilizofaa kubandikwa zilikuwa mbili: tangazo la matairi na tangazo la kuku waliogandishwa.

Sitti alizinyanyua moja moja. "Kuku," akasema. "Huyu hana neno."

Madam Abir ndiye aliyeanza kucheka. Alikuwa ameleta chai, akaketi na sinia magotini, akacheka mpaka akajifuta macho. Kisha akamwambia Keziah, bila kumtazama sana, kwamba jana sauti yake ilipanda kuliko moyo wake. Kwa Madam, hiyo ni hotuba.

Alasiri nilirudi Batha. Ijumaa nilikuwa nimemwona muuza vyuma mmoja mwenye mipira ya kuzibia milango, inauzwa kwa mita, na maboksi anayatupa nje. Mipira nikainunua kwa pesa yangu, maboksi nikayaokota ya kuzibia madirisha. Jumapili yote, baada ya kumrudisha Madam kutoka shule, tulikuwa juu ya ngazi. Keziah akapita tena na chetezo. Moshi ulipanda wima kila mahali, ukafika darini, ukakosa pa kwenda.

Jumatatu nilimpokea Baba Talal uwanja wa ndege. Aliingia nyumbani na joho lake zito la manyoya, lile wanalovaa watu wa Riyadh wakati wa baridi, akakaa. Baada ya dakika kumi akalifungua. Baadaye akalivua kabisa.

"Hita ngapi zinawaka?"

"Moja," Madam akasema.

"Na zile nyingine?"

"Stoo."

Baba akamtazama mama yake. Sitti hakuwa amekohoa tangu aingie. Hata hivyo Baba akatoa tiketi mbili mfukoni, alikuwa amezichapisha, akaziweka kwenye sinia. Ndege ya tarehe mbili Februari.

"Nimeziona," Sitti akasema. "Sasa nijibu wewe. Hili ni nini?" Akasukuma kwa mkongojo nyoka wa mlango wake. Maua ya zambarau.

"Kitambaa, Mama."

"Hili ni blanketi nililomnunulia Keziah. Na lile la chumba cha watoto pia. Na la Abir. Limekatwa, liko chini ya milango yetu yote. Sasa mimi nauliza, na tangu jana nauliza, yeye anajifunika nini?"

Keziah akasema haraka, "Mimi ni wa Kinangop, Sitti. Hii kwangu si baridi. Matambara yaliniishia tu."

"Mwanangu," Sitti akamwambia Baba. "Chukua chetezo, upande nacho chumbani kwake."

Chumba cha Keziah kiko juu ya paa, karibu na matangi ya maji. Sidhani kama Baba Talal alikuwa amewahi kukiingia. Alikichukua chetezo mwenyewe, nikamfuata na funguo. Alisimama katikati ya chumba, pana kitanda, sanduku, picha ya Stacy ukutani, na joho la Sitti kuukuu lililokunjwa badala ya blanketi. Akauinua mkono. Moshi haukupanda hata kidogo. Ulilala, ukakimbia, kama tuko uwanjani.

Mwanamke yule alikuwa ameziba kila mlango wa nyumba ile, mpaka wangu mimi wa getini, na wake hakuugusa. Nilipomuuliza baadaye kwa nini, alinijibu kwamba unga uliisha. Na pengine ndivyo hasa anavyoamini.

Jioni hiyo meza ya pasi ilitolewa kwenye kile chumba kidogo cha karibu na jikoni, chenye dirisha la jua, kitanda cha Keziah kikashuka. Madam akaleta blanketi mbili mpya, bado ziko kwenye nailoni. Lakini zile tiketi zilibaki kwenye sinia. Baba ni karani, na karani husubiri karatasi. "Tungoje bili," akasema. Keziah alizipita kila siku akipeleka chai, na sikumsikia akiimba tena akipiga pasi.

Bili ilikuja tarehe thelathini. Baba hakuisoma kwa sauti. Alimnyooshea Madam simu, Madam akaisoma, akamnyooshea Sitti, Sitti akasema yeye hasomi vitu vinavyong'aa, aambiwe.

"Imeshuka karibu nusu, Mama."

"Mafi kikohozi," Sitti akasema, yaani hakuna tena, "mafi bili. Nipe kioo changu."

Akazichukua tiketi zile mbili. Akaanza na yake, akaipitisha chini ya kioo mstari kwa mstari, mbele na nyuma, kama alivyofanya na magazeti. Kisha akaichukua ya Keziah, akafanya vile vile, polepole zaidi. Keziah alikuwa mlangoni ameshika birika kwa mikono miwili.

"Nimetafuta vizuri," Sitti akasema. "Hizi hazina jina la Mungu popote."

Akamgeukia Keziah.

"Binti yangu, umebakiza ufa wowote?"

Keziah alisema uko mmoja, chumbani kwake, juu ya dirisha. Baba Talal alicheka kwa pua, akatikisa kichwa, akachukua simu yake, na nikiwa palepale mlangoni nikamwona akifungua ukurasa wa kuongeza muda wa ikama.

Uji wa unga niliukoroga mimi. Tiketi ziko pale juu ya dirisha mpaka leo, Jeddah upande huu na Nairobi upande ule, na katikati yao yule kuku.